Hema au gesti? Siku tatu kwa baiskeli, Kitale hadi Bungoma

MSAFIRI wa gari huuliza nauli ni pesa ngapi. Msafiri wa baiskeli huuliza jambo jingine: Leo nitalala wapi? Swali hili humkuta kila siku mwendo wa saa kumi jioni, wakati miguu imekuwa mizito na wingu jeusi linatanda upande wa mlimani. Lakini jawabu lake hutakiwa mapema zaidi, kabla hata hajaondoka nyumbani. Hema halichipuki kando ya barabara. Lazima lifungwe kwenye keria tangu asubuhi ya kwanza, na ubebe uzito wake kila mlima utakaoupanda. Na asiyebeba hema, naye lazima abebe pesa za chumba.

Mwezi wa Agosti 2024, swali hili liliingia nyumbani kwetu Kitale na kukaa mezani kwa siku kadhaa. Mpwa wangu, anayesoma Chuo Kikuu cha Kibabii karibu na Bungoma, alitaka kuipeleka baiskeli yake chuoni ili aache kulipa bodaboda kila kukicha. Niliamua kumsindikiza kwa baiskeli yangu, tena tuzunguke kidogo tuone nchi. Dada yangu alimpa Sh6,000. Hizo zilikuwa za njiani na za chakula cha majuma ya kwanza. Zitakazobaki ndizo atakazokula.

"Mjomba," kijana akaniambia, "chumba kimoja cha Sh1,000 ni unga na mboga zangu za wiki nzima. Tubebe hema."

Mama yake naye alikuwa na neno moja tu kwangu: "Nataka kusikia amefika akiwa mzima." Basi kati ya maneno hayo mawili ndipo safari yetu ilipopita.

Nchi ya baiskeli

Mpenzi msomaji, kama kuna pembe ya Kenya ambapo baiskeli haihitaji kujieleza, ni magharibi. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa kwenye mpaka wa Kenya na Uganda upande wa Busia, ambako vijana wenye baiskeli walikuwa wakiwavusha abiria na mizigo kutoka kituo cha mpaka mmoja hadi kingine. Siku hizi pikipiki zimenyakua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Hata hivyo, bado utaiona Black Mamba ikipanda kilima ikiwa na gunia la mahindi nyuma, mwenyewe akiisukuma kwa mkono mmoja kana kwamba ni ng'ombe mtiifu.

Faida yake kwa msafiri ni kubwa. Katika kila soko kuna fundi aliyeketi chini ya mti na pampu, viraka na boksi la spoki. Pancha si msiba hapa. Ni dakika ishirini za mazungumzo.

Fauka ya hayo, mteremko uko upande wako. Kitale uko mita zipatazo 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma kama mita 1,400. Anayetoka Kitale kwenda Bungoma huteremka nusu kilomita nzima, ingawa si kwa mfululizo, kwani kati ya mito kuna vilima vitakavyokukumbusha umri wako.

Lakini tofauti hiyo ya urefu ina maana nyingine kwa mtu anayefikiria mahali pa kulala. Kitale adui wa usiku ni baridi. Bungoma adui ni mbu, tena mbu wa malaria. Hema la kwanza linahitaji blanketi nzito, la pili linahitaji wavu usio na tundu. Anayebeba hema kwa safari hii lazima ajiandae kwa hali mbili ndani ya siku tatu.

Tulipopima mizigo kwa mizani ya dukani, hema, turubai, mikeka na blanketi vilifika kilo tisa. Tangu mwaka wa 2003 kumekuwapo msafara wa waendesha baiskeli wanaotoka Cairo hadi Cape Town, na usiku mwingi hulala hemani. Ila wale mizigo yao hubebwa na lori. Mimi na mpwa wangu lori letu lilikuwa ni magoti. Tukagawana kilo hizo, yeye tano, mimi nne, tukaondoka.

Usiku wa kwanza: Saiwa

Hatukuanza kwa kuteremka. Tulikwenda kaskazini kwanza, barabara ya Kapenguria, kilomita kama 22 hadi Mbuga ya Taifa ya Saiwa Swamp. Mbuga hii ilitengwa mwaka wa 1974 na ndiyo ndogo kuliko zote nchini, kilomita zipatazo tatu za mraba. Ilitengwa kwa ajili ya mnyama mmoja: nzohe, paa wa kinamasini mwenye kwato ndefu zinazopanuka ili asizame matopeni. Akiogopa hujitumbukiza majini akaacha pua tu nje. Yuko pia tumbili wa De Brazza, mwenye ndevu nyeupe kama mzee wa baraza.

Magari hayazunguki ndani ya Saiwa. Watu hutembea kwa miguu, kupitia vijia na madaraja ya mbao, kisha hupanda majukwaa yaliyojengwa mitini na kungoja kimya. Nzohe huonekana alfajiri au jioni. Sasa hebu fikiria, msomaji: anayelala mjini Kitale ataamka saa ngapi ili awe jukwaani kukipambazuka? Hapo hema linashinda bila mjadala. Tulilipa ada ya kuingia na ada ya kambi kwa eCitizen, maana Shirika la Huduma kwa Wanyamapori halipokei pesa taslimu langoni. Tukapiga hema mapema, jua likiwa bado liko juu.

Usiku ulikuwa wa baridi kweli. Mwendo wa saa nane nilimsikia kijana akivaa koti juu ya koti. Lakini saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa jukwaani, ukungu ukiwa umelala juu ya mafunjo, na nzohe jike akatoka, akasimama, akanywa maji bila haraka. Mpwa wangu hakunena neno muda wote huo, jambo ambalo si kawaida yake.

Hili ni fundisho la kwanza. Hema lina maana pale ambapo kitu unachokitafuta kiko hapo hapo, mahali pana lango, pana askari wa zamu, pana choo na maji. Hali ni hiyo hiyo kwa anayeelekea Mbuga ya Mlima Elgon kupitia Endebess. Huko, ndani ya lango la Chorlim, kuna kambi kadhaa pamoja na vibanda vya kukodi vya Kapkuro kwa asiyetaka hema. Lakini huko kuna ndovu na nyati, kwa hivyo mwenye baiskeli aulize kwanza langoni anaruhusiwa kupita wapi na kwa ulinzi gani. Na asijidanganye kwamba pango ni nyumba. Pango la Kitum ni maarufu kwa ndovu wanaoingia gizani kuchimba chumvi kwa pembe, lakini wagonjwa wawili wa virusi vya Marburg, wa mwaka wa 1980 na wa 1987, walikuwa wamelizuru kabla ya kuugua. Popo hukaa humo. Ni mahali pa kutazama kwa uangalifu na kuondoka.

Usiku wa pili: Kimilili

Siku ya pili ilikuwa ndefu. Tulirudi Kitale, tukapitia kwenye jumba la makumbusho, ambalo chimbuko lake ni mikusanyo ya vipepeo, ndege na vitu vya kale ya Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyeanzisha makumbusho yake mwaka wa 1926. Mwaka huo huo ndio reli ilifika Kitale. Kisha tukashika barabara ya Kiminini, mashamba ya mahindi kushoto na kulia, hadi Kamukuywa. Hapo tukaacha barabara kuu na kukunja kuelekea Kimilili. Kwa jumla zilikuwa zaidi ya kilomita 60.

Saa kumi jioni, wingu likaja. Anayeijua nchi hii anajua kwamba kati ya Machi na Oktoba mvua hupenda alasiri. Asubuhi huwa na jua la kukudanganya, kisha mlima na ziwa hukutanisha hewa zao na radi huanza kunguruma. Radi ya magharibi si mchezo. Mwenye hema asilipige chini ya mti uliosimama peke yake, wala kileleni, wala chini ya mikaratusi mikubwa, ambayo matawi yake hukatika bila taarifa.

Kijana akaona uwanja wa shule. "Hapa, mjomba. Nyasi fupi, hakuna mti, hakuna kulipa."

Mimi nilikuwa nimeona kitu kingine. Mwaka wa 2024 ulikuwa mwaka unaogawanyika kwa mbili, na Agosti ya miaka ya namna hiyo ndio msimu wa tohara kwa Wabukusu. Tangu Kamukuywa tulikuwa tukipishana na makundi ya watu waliomzunguka kijana mwenye njuga mikononi, akienda kuwaalika jamaa zake. Mojawapo ya safari zake kuu ni ile ya kwenda kwa wajomba, upande wa mama, ambako huchinjiwa na kuvishwa nyama. Usiku huimbwa hadi alfajiri, wakati mwaniaji hupakwa tope mtoni na kurudishwa nyumbani akiwa wima. Ni msimu wa furaha na heshima kubwa. Lakini usiku huo barabara hujaa watu, wengine wamekunywa, na hema geni uwanjani ni kitu ambacho kila mpita njia atataka kukichungulia.

Kulikuwa na sababu nyingine tena. Kati ya 2006 na 2008, miteremko ya Mlima Elgon iliumizwa na vita vya kundi la Sabaot Land Defence Force na baadaye msako wa wanajeshi. Watu wengi walipoteza jamaa. Amani imerejea, lakini hakuna mzazi wa huko aliyesahau maana ya watu wasiojulikana kulala vichakani. Anayepiga hema kimyakimya hahatarishi nafsi yake pekee. Huwanyima wenyeji usingizi pia.

Kwa hivyo tukafanya lifaalo kufanywa: tukauliza. Tulipiga hodi kwenye boma lililokuwa jirani na shule, tukajitambulisha kwa majina, tukaonyesha vitambulisho, tukasema tunatoka wapi na tunakwenda wapi. Tukamwomba mzee mwenye boma atupeleke kwa mwenye kuruhusu.

Mzee alilitazama hema kwenye keria, akatutazama sisi, akatazama wingu. "Hilo la kulala nje kama ng'ombe wa mnadani, mimi nimwambie nani?" akasema. "Mgeni akilowa mlangoni pangu, kesho watu watauliza mimi ni mtu gani."

Yakaisha. Baiskeli zikaingizwa jikoni, sisi sebuleni. Mama wa nyumba akatuletea ugali, kuku na sukuma. Mvua ilianza tukinawa mikono, mvua ya mawe, ikipiga mabati hata hatukusikizana. Ilipopungua, nyimbo za boma la pili zikachukua nafasi yake hadi asubuhi.

Hapo ndipo nilipoona kwamba swali la "hema au gesti" katika nchi hii lina jawabu la tatu, nalo lina gharama yake. Asubuhi mzee alikataa katakata kupokea pesa. Mpwa wangu alikwenda dukani akarudi na kilo mbili za sukari, majani ya chai na mkate, akampa mama wa nyumba kwa mikono miwili. Tulichukua jembe pia, tukafungua mfereji uliozibwa na mvua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi hatukungoja ya tatu. Ukarimu haupangwi kwenye bajeti. Mtu asitoke nyumbani akihesabu kwamba atalishwa na watu asiowajua, kwa maana huo ni uombaji wenye magurudumu. Ukija wenyewe, pokea kwa heshima na ulipe kwa heshima.

Usiku wa tatu: Bungoma mjini

Kutoka Kimilili tulishuka kupitia Misikhu hadi Webuye. Juu ya mji ule kuna kilima cha Chetambe, ambako mwaka wa 1895 Wabukusu walijichimbia handaki na kukabiliana na jeshi la Waingereza. Huko Webuye pia mto Nzoia huporomoka kwenye maporomoko ya Nabuyole, ambayo kwa muda mrefu yaliitwa Broderick Falls, na mji wenyewe uliitwa hivyo. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, kilichokuwa kikiulisha mji huu, kilifungwa mwaka wa 2009. Mwaka wa 2016 kilifunguliwa upya chini ya mwenyewe mwingine, lakini wafanyabiashara wa Webuye watakuambia kwamba mji hujenga kwa miaka mingi na huanguka kwa siku moja.

Kutoka hapo ni barabara kuu ya malori yaendayo Malaba. Nakushauri, msomaji, usiipite jioni. Malori ni mengi na bega la barabara si pana kila mahali. Tulifika Bungoma saa tisa unusu, kukiwa bado kweupe.

Mjini hakuna pa kupiga hema, wala si busara. Hapa ni gesti. Nilimwachia mpwa wangu achague, kwa kuwa pesa ni zake. Wa kwanza alitutajia Sh700. Kijana alifurahi, mpaka tulipopanda kuona chumba. Chini yake palikuwa na baa, mlango ulifungwa kwa msumari uliopindwa, na neti ilikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Aidha, baiskeli zingelazwa uani, ambapo lango halikuwa na mlinzi.

Akasimama pale ngazini akihesabu. Nami nikanyamaza.

"Mjomba," akasema hatimaye, "nikiibiwa baiskeli hapa, hiyo Sh700 itakuwa imenigharimu elfu kumi na mbili. Na nikipata malaria nitakosa madarasa." Tukaenda kwa mwingine, kwenye uchochoro tulivu. Huyo alitaka Sh1,100 kwa chumba cha vitanda viwili. Kilikuwa cha chini, baiskeli zikaingia nasi ndani, neti nzima, maji ya moto ya ndoo. Kijana akalipa mwenyewe, akaomba risiti, akaikunja vizuri.

Kanuni za kuchagua

Katika siku hizo tatu niliokota mambo machache ambayo naona yatamfaa yeyote anayetaka kujaribu safari kama hii, awe peke yake au na familia.

Kwanza, amua mahali pa kulala kabla ya saa tisa alasiri, si baada ya saa kumi na mbili. Mchovu wa jioni hukubali chochote.

Pili, hema lipigwe mahali penye mwenyewe: kambi ya mbuga, uwanja wa misheni, shule au boma, kwa ruhusa. Tangu mpango wa Nyumba Kumi ulipoanzishwa mwaka wa 2013, wazee wa mitaa hutarajiwa kujua mgeni gani amelala wapi. Kujitambulisha si adabu tu, ni ulinzi wako.

Tatu, kwenye gesti usilipe kabla ya kuona mambo manne: kufuli ya mlango, neti, choo, na mahali baiskeli itakapolala. Inua godoro utazame mishono yake. Kunguni hawana aibu, nawe usiwe nayo.

Nne, zingatia majira. Kati ya Desemba na Februari, mvua ikiwa haba, hema ni tamu na mzigo wake una faida. Kuanzia Machi hadi Oktoba, tenga pesa za gesti hata kama unalo hema.

Tano, anayesafiri na watoto au mzee asifanye hema kuwa tegemeo lake la kila usiku. Alale hemani usiku mmoja wa kukumbukwa, na zilizobaki alale kitandani.

Na kama unauliza iwapo ilifaa kubeba zile kilo tisa kwa ajili ya usiku mmoja tu wa Saiwa, mpwa wangu ana jibu lake. Anasema gharama ya hema ni jasho, gharama ya gesti ni pesa, na gharama ya kulala kwa mtu ni deni la heshima. Msafiri aangalie ana nini cha kutosha. Alipojiandikisha chuoni asubuhi ya nne, mfukoni zilikuwa zimebaki Sh3,650, na baiskeli ilikuwa imefungwa kwa mnyororo kwenye dirisha la bweni. Hema nilirudi nalo mimi Kitale, juu ya matatu.